Kitabu cha Tatu na Uyoga wa Kihoto

Jumapili, jua linakaribia kuzama. Mvua imekatika lakini mawingu yamekaa chini, mlima Longonot hauonekani kabisa. Ziwa limepanda tena. Hapa mtaani Kihoto, majirani wa upande wa chini wameanza kuinua vitanda juu ya matofali.

Naandika sasa kwa sababu mwanangu Cherop yuko kwa jirani. Akirudi itabidi niwe mama mwenye uso wa kawaida.

Leo nilikuwa karibu kumpoteza mume wangu, na yuko ndani ya nyumba yetu, hatua chache kutoka kwangu.

Acha nianze na vitabu, maana yote yalitokea huko.

Nina saluni Karagita. Wateja wangu wengi ni akina mama wanaofanya kazi kwenye mashamba ya maua. Mtu akikaa kwenye kiti umsuke, hakuoni uso, kwa hivyo anasema. Nimesikia mambo kwenye kile kiti ambayo pasta hajawahi kuyasikia. Nikachoka kujibu "pole" na "Mungu yupo". Kila nikienda Nakuru kuchukua nywele na mafuta, nikawa napitia kwa jamaa anayetandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha saikolojia, cha mtu anayeanza kabisa, chenye michoro ya ubongo. Cha pili kilikuwa cha falsafa, nacho cha kuanzia vilevile. Cha tatu nilikichukua bila kufikiria sana. Kinahusu uyoga na dawa zinazobadilisha fahamu, zile mtu akitumia anaona na kusikia visivyokuwepo, na jinsi madaktari wa nchi za mbali wanavyozijaribu kwa watu waliozama kwenye huzuni. Kilikuwa chembamba na jalada lake lilikuwa na rangi nzuri.

Sikujua naleta nini nyumbani.

Mume wangu anaitwa Kibet. Alikuwa dereva wa lori la mboga, akibeba karoti na kabeji kutoka Kinangop kwenda Nairobi. Mwanzoni mwa mwaka huu lori la rafiki yake Maish lilipoteza breki kwenye mteremko wa Mai Mahiu, Kibet akiwa nyuma yake. Alisimamisha lake, akakimbia. Maish alikuwa amebanwa lakini alikuwa bado anaongea. Watu waliniambia Kibet alimshika mkono mpaka mwisho. Nasema waliniambia, kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia hata neno moja.

Tangu siku hiyo hajagusa usukani. Anakaa nyuma ya nyumba juu ya ndoo, akiangalia maji yanavyosogea. Sahani ya chakula anaisukuma mbele, anairudisha, anaisukuma tena. Lori likipiga breki kule barabara kuu, anashika kitu chochote kilicho karibu naye.

Mimi nikajifanya daktari. Nilisoma ile sura ya mshtuko kwenye kitabu cha saikolojia nikaipiga mistari, kisha nikawa namuuliza maswali wakati wa chakula cha jioni kama mtu anayesahihisha mtihani. Unalala? Unaota nini? Unajisikiaje kifuani? Siku moja aliweka kijiko chini akaniambia, "Wairimu, mimi si kitabu."

Nikaacha maswali. Lakini sikuacha kusoma.

Halafu nikaona ameanza kusoma yeye. Kibet, mtu ambaye gazeti kwake ni kurasa za mpira tu! Alikuwa amechukua kile cha tatu. Alikisoma huko nyuma akiwa kwenye ndoo yake, akirudi kuniuliza maana ya neno hili na lile. Nilifurahi. Nilimwambia hata mteja wangu mmoja kwamba mume wangu anarudi. Naona aibu kuandika hivyo leo, lakini ndivyo nilivyohisi.

Jana alasiri alirudi na viatu vya gamboti vyenye matope mpaka magotini, na mfuko wa karatasi mkononi. Alikuwa amezunguka malishoni kando ya ziwa, kule ng'ombe hulala. Alimimina uyoga kwenye sahani, akafungua kitabu kwenye ile picha, akakiegemeza kwenye mkebe wa sukari.

"Ni wenyewe," akasema.

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Nikamuuliza anajuaje. Kwenye kitabu cha falsafa kuna sura nzima inayouliza mtu anajuaje kwamba anajua, na nilipoisoma niliona ni swali la watu wasio na kazi. Jana, nikiangalia ile picha iliyofifia na ile sahani, niliona ni swali la kufa na kupona. Uyoga wa kuua hauji na jina lake limeandikwa juu.

Akasema atafikiria. Akaufunika kwa sufuria. Nililala nikiwa na wasiwasi, lakini nililala.

Leo baada ya chakula cha mchana Cherop alienda kucheza kwa jirani. Kibet alinawa mikono, akakaa mbele yangu, akaongea kwa upole ambao sijausikia kwa miezi mingi.

"Mama Cherop, nataka ukae na mimi. Kitabu kinasema mtu asikuwe peke yake."

"Kitabu kinasema pia kule wanafanya na daktari," nikamwambia. "Hapa hakuna daktari. Hapa kuna mimi."

"Wewe unatosha."

Hayo maneno mawili yaliniingia. Nani hataki kuambiwa anatosha? Nilitamani kukubali. Naandika ukweli, nilitamani sana. Nilimwangalia alivyokonda, nikasema moyoni, huenda ni kweli, huenda ndio dawa, na mwili ni wake, si wangu.

Lakini kuna ukurasa yeye aliuruka. Nilijua ameuruka kwa sababu kurasa zote alizopenda alizikunja pembe, na huo haukukunjwa. Unaonya kwamba mtu ambaye kwao kuna ugonjwa wa kusikia sauti asiguse vitu hivi kabisa, maana vinaweza kufungua ugonjwa ambao haufungiki tena.

Kwao kuna Kimutai.

Kimutai ni kaka yake mkubwa, anaishi na mama yao huko Molo. Alikuwa mkulima wa viazi mzuri kabisa, kisha akaanza kusikia watu wakimwita. Siku moja alivua nguo katikati ya soko. Sasa anatumia dawa na ametulia, lakini kwa familia hiyo, jambo la Kimutai halizungumzwi. Tangu niolewe sijawahi kulitaja mbele ya Kibet. Leo nilifungua ule ukurasa nikauweka mezani, nikasema, "Na Kimutai?"

Uso wake ulifungika.

"Unasema mimi ni wazimu."

"Sijasema hivyo, Baba Cherop."

"Umesema. Umekuwa ukisema hivyo na vitabu vyako tangu Maish akufe."

Alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka. Akachukua sahani, akaingia chumbani, nikasikia komeo.

Nilipiga mlango. Nilimwita kwa jina, nikamwita kwa jina la mtoto wake, nikamwita kwa jina la babake. Nilisikia kitanda kikilia alipokaa. Baada ya hapo sikusikia kitu tena, na huo ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. Nilifikiria kumwita jirani avunje mlango. Lakini akisikia watu, si atakula yote mara moja? Nilifikiria kumpigia mama mkwe. Angelia tu, na mimi nilikuwa tayari nalia.

Nikampigia Kimutai.

Sijui nilipata wapi wazo hilo. Nilikuwa na namba yake lakini huwa tunasalimiana Krismasi tu. Alipokea haraka.

"Sasa, shemeji. Kuna nini?"

Nilimweleza kila kitu, hata lile swali langu lililomkasirisha Kibet. Nilingoja akasirike naye. Akasema tu, "Niweke kwa spika."

Nikaweka simu chini, kwenye ule mwanya wa mlango.

Dawa humfanya Kimutai aongee polepole, kama mtu anayechagua mawe ya kukanyaga akivuka mto.

"Kibet. Ni mimi. Nasikia uko na uyoga."

Kimya.

"Sikiza. Mimi sikukula kitu. Nilikuwa shambani, nikasikia mtu akiniita, nikageuka, hakuna mtu. Hivyo tu ndivyo ilianza. Hakuna mtu aliniuliza kama nataka. Wewe unaulizwa."

Nilikuwa nimepiga magoti, paji la uso kwenye mbao.

"Najua unamtafuta Maish," Kimutai akasema. "Mimi nimeona watu wengi ambao hawako. Wengine walikuwa wamekufa, nikawajua kwa sura. Kibet, hakuna hata mmoja aliwahi kunisamehe."

Hapo ndipo nilisikia sauti ya mume wangu. Haikuwa sauti ninayoijua.

"Aliniambia nisimwache."

"Nani? Maish?"

"Aliniambia, Kibet usiniache. Nilikuwa nimemshika. Moto ukaanza upande wa injini. Watu wakanivuta. Nilimwachilia, Kimutai. Kila mtu anasema nilimshika mpaka mwisho, na mimi nilimwachilia."

Nilifunika mdomo kwa mkono. Miezi yote hii nimekuwa nikimsifu kwa kumshika Maish mkono. Nilimsifu mbele ya wageni. Nilimwambia Cherop, baba yako hakumwacha rafiki yake. Na kila mara yeye aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Kimutai hakumwambia si makosa yako. Nadhani mimi ningesema hivyo, kwa haraka, ili nijisikie vizuri. Yeye aliuliza, "Walikuwa watu wangapi wakikuvuta?"

"Sijui. Watatu. Wanne."

"Ungeweza kuwashinda?"

Nikasikia Kibet akilia, kilio cha mwanaume ambaye hajazoea, kinachokwama njiani na kuanza upya. Kimutai alibaki kwenye simu. Alibaki tu, nikisikia kuku wa mama yao wakilia kwa mbali huko Molo, mpaka komeo likavutwa.

Sahani ilikuwa kitandani. Uyoga wote ulikuwepo, isipokuwa mmoja uliopondeka ndani ya ngumi yake. Nilimfungua vidole mimi mwenyewe. Nilimwambia afungue mdomo, akafungua kama mtoto. Hakuwa ameonja.

Aliinuka bila kuambiwa, akautupa wote chooni, akaosha sahani kwa sabuni, akaiosha tena.

Kesho ni siku ambayo Kimutai huenda Nakuru, kwenye kliniki ya hospitali kuu, kuchukua dawa zake. Kumbe huenda kila mwezi, peke yake, na hakuna mtu wa familia aliyewahi kumsindikiza. Kabla ya kukata simu alituambia atatungoja langoni. "Kujeni mapema, laini ya wagonjwa huwa refu. Na mbebe sweta, ile benchi ni ya simiti." Alisema hivyo kwa sauti ya mwenyeji anayekaribisha wageni.

Kibet amekubali. Sitaki kuandika zaidi ya hapo, kwa sababu kukubali Jumapili jioni na kuamka Jumatatu ni mambo mawili tofauti. Woga wangu haujaisha. Nimekagua mifuko ya suruali yake alipokuwa akioga, na nitaikagua tena.

Vitabu nitavifanyia nini, sijui. Nilitaka kuvichoma, nikajizuia. Onyo lililonipa ujasiri leo lilikuwa ndani ya kitabu kilekile kilichompa yeye wazo. Pengine kosa si kusoma. Pengine kosa ni kusoma kuhusu mtu aliye mbele yako badala ya kumsikiza, na mimi nimelifanya kwa bidii sana. Nani mwingine nimemfanyia hivyo, kwenye kile kiti cha saluni?

Sasa hivi ametoka kuoga. Amekaa karibu nami, ananiona nikiandika na hajauliza ni nini. Ameuliza jambo lingine, akiangalia chini.

"Na wakisema niko kama Kimutai?"

Nimemwambia, "Basi mtakuwa wawili mnaoenda kliniki pamoja."

Nimesema kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Hapa pekee ndipo naweza kuandika kwamba shaka ninayo, tele. Lakini ameegemea bega langu na amelala, na bega limeanza kufa ganzi, na sitalisogeza.

Acha kuche kwanza.