Kwa Yaya Febronia, Aliyepasuliwa na Mfagiaji

Yaya Febronia, dada yangu mkubwa,

Wanasema nikuache upumzike. Nimekataa. Kama uzee ndio ungekuwa umekuchukua, ningenyamaza na kukusomea misa kama watu wengine. Lakini tulikuzika ungali na nguvu za kubeba mtoto mgongoni na beseni la samaki kichwani, na mtu aliyekupeleka kaburini anapita mbele ya mlango wangu kila asubuhi, shati limepigwa pasi, watu wanamwamkia. Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii nitaisoma mbele ya yeyote hapa Likasi atakayetaka kuisikia.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, baba akifanya kazi kiwandani? Hospitali ya kampuni tuliizoea kama jiko la nyumbani. Siku nilipokatwa mguu na bati, wewe ndiye ulinibeba mpaka kule, ukanifunika macho kwa kitenge ili nisione sindano, ukaniambia, "Usilie, kadogo. Huyu ni docteur." Hakuwa daktari, yaya, alikuwa mtu wa kufunga vidonda. Lakini katika kambi yetu ya wafanyakazi kila mwanaume aliyetoka hospitalini na koti jeupe tulimwita docteur, hata wa kusukuma vitanda. Ilikuwa heshima tu. Hatukuuliza karatasi za mtu, maana kampuni ilikuwa imekwisha kuuliza kwa niaba yetu. Ilitupa nyumba, ikatupa unga, ikatupa shule, na pamoja na hayo yote ikatupa tabia ya kutouliza.

Kisha mambo yakaharibika. Mishahara ikakatika, dawa zikaisha, na ukaja ule wakati wa kufukuzana. Mji ukamwambia daktari wetu wa kweli, yule aliyekuzalisha mtoto wako wa kwanza, kwamba damu yake ni ya mkoa wa Kasai na hapa si kwao. Akalala stesheni na wanawe wakingoja treni, pamoja na umati wa wenzao. Wewe ulimpelekea bukari, ugali wetu, na maharage, ukipita katikati ya vijana waliokuwa wanatukana. Mmoja alipokuuliza kwa nini unalisha watu wale, ulisimama ukamjibu, "Ni yeye alinizalishaka. Na weye, nani alizalishaka mama yako?" Mimi nilikuwa nyuma yako, nakuvuta nguo tuondoke. Leo najivuna kwamba nilikuwa pale.

Treni ikaondoka naye, na elimu yake yote ikaondoka. Tukabaki na Papa Donatien. Unamjua vizuri: alikuwa mfagiaji wa chumba cha upasuaji, anaosha meza, anamwaga ndoo, basi. Hospitali ilipobaki kuta na vitanda, alirudi nyumbani na koti jeupe na mikasi, akatandika kitanda chumba cha mbele. Sisemi alikuwa mtu mkali. Alikuwa mpole, alisali kabla ya sindano, na asiye na kitu alimwambia alete kuku siku atakayopata. Watu wakaendelea kumwita docteur kama walivyozoea, naye akaendelea kuitika.

Ulipokamatwa na tumbo upande wa kulia, shemeji alikuwa amekwenda Mwadingusha kununua samaki wa kuuza. Hospitali ya mjini walitaka tuje na dawa zetu, glavu zetu, hata uzi wa kushonea. Wewe ulikuwa unajikunja, ukasema tukupeleke kwa Donatien, ni jirani na ni mtu wa hospitali. Alikubonyeza tumbo, akasema ni appendicite, kidole tumbo, amekwisha kuona nyingi zikitolewa. Na hakudanganya, alikuwa ameziona. Alikuwa ameziona ndani ya ndoo aliyotumwa kwenda kumwaga. Mimi nilitumwa nyuma ya nyumba kuchemsha maji, mama akabaki nje upande wa mbele. Niliporudi na sufuria, Donatien alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono imelowa, akatuambia tuombe Mungu kwa sababu damu imekataa kusimama.

Kwenye matanga yako alikuja na gunia la unga, akalia kutushinda sisi wenyewe. Mjomba Faustin alilipokea. Unga ukapikwa, watu wakala, na kesho yake mjomba akatangaza kwamba maneno yamekwisha, kwa kuwa tumekula pamoja na aliyetukosea. Mimi sikugusa. Mama alinisukumia sahani, nikairudisha. Nilikuwa na njaa kweli, na harufu ya bukari ilinitesa, lakini kile chakula kilikuwa chako, yaya, na wewe hukuwepo kukikubali.

Nikaenda peke yangu parquet, kwa mwendesha mashtaka. Mtu mwenyewe kola imechakaa, yeye pia serikali ilikuwa imemsahau, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza kwamba kutibu watu bila ruhusa ni kosa peke yake, hata kama mgonjwa amepona. Kujiweka katika cheo cha daktari ni kosa lingine. Na mtu akifa mikononi mwako kwa sababu umefanya kazi usiyoijua, hapo unajibu juu ya uhai wake. Sheria haiulizi kama ulikuwa mpole, wala kama ulisali kwanza. Nilimwomba ayaseme tena. Tangu ufe, kila mtu alikuwa ameniambia Mungu amekuita. Yeye alikuwa wa kwanza kusema kwamba kuna mtu amefanya.

Siku Donatien alipoitwa, nusu ya kambi ilimsindikiza ikajaa mlangoni. Akasimama na adabu zake zote, akasema, "Minye sikujiitaka docteur hata siku moja. Ni batu njo balikuwa bananiita." Na wale wa mlangoni wakaitikia kwamba ni kweli, sisi ndio tulimwita. Walifikiri wanamwokoa. Mwendesha mashtaka akaniuliza kama nina la kusema. Nikasimama.

"Ni kweli, tulimuita docteur, na yaya yangu alimuita vile," nikasema. "Lakini kisu, hapana mutu alimulazimisha kukamata. Alikamata yeye mwenyewe."

Tangu siku ile wanawake wa bombani wananipa mgongo. Wananiuliza, Donatien akifungwa, nani atawachoma watoto wao sindano? Swali si la kipuuzi. Lakini sikubali kwamba kwa sababu tumekuwa maskini basi yeyote mwenye mikasi ana haki juu ya matumbo yetu. Tuliyekuwa naye, mwenye haki hiyo, tulimpakia kwenye treni tukimzomea. Hatuwezi sasa kumvika mfagiaji koti jeupe halafu tukifiwa tuseme ni mpango wa Mungu. Mungu hakukata. Nitalisema hilo bombani, nitalisema kanisani, na wakinitoa kanisani nitalisema barabarani.

Jana alasiri mjomba alikuja na karatasi ya kufuta mashtaka. Wote wamekwisha kusaini: yeye, shemeji, na mama ameweka kidole. Imebaki nafasi yangu. Akaniambia kwa upole, "Saini, mwana. Yaya yako hatarudi." Nilijua bila mimi faili litalala, kwa maana mwendesha mashtaka alinionya hana shahidi mwingine, na mimi mwenyewe nilikuwa nyuma ya nyumba, sikuona kitu. Nikamwambia mjomba kwamba najua hutarudi, na ndiyo sababu sisaini. Akaiacha karatasi mezani, akaondoka bila kuaga.

Mama alikuwa amekaa muda wote anachambua maharage. Mjomba alipofika mbali, akaacha kuchambua. Hakuniangalia.

"Nilikuwa chini ya dirisha," akasema. "Nilimusikia Febronia. Alisema, docteur, dawa ya usingizi haiyanikamata, ninasikia kisu. Alisema vile mara mingi. Na ule mutu hakusimama. Minye nikaanza kuimba cantique ya kanisa na nguvu, juu nisimusikie tena."

Nilitaka kumkasirikia, yaya. Nilitafuta hasira nayo ikakosekana, nikaona tu mikono yake imekaa kwenye maharage kama si yake. Moto jikoni ulikuwa umezimika. Kisha akaichukua ile karatasi yenye kidole chake, akaitumia kuwashia moto mwingine, akaniuliza parquet wanafungua saa ngapi.

Leo asubuhi tumetoka pamoja. Tumepita mbele ya mlango wa Donatien, na mama ndiye aliyetangulia. Sasa yuko ndani kwa mwendesha mashtaka anasema, nami namngoja nje, karatasi ya barua hii juu ya goti. Mlango ni mwembamba, ninamsikia. Ameulizwa ni maneno gani hasa aliyoyasikia, na anayarudia moja moja, yaya, kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kumsikia akiimba.

Tuonane siku ya Mungu, na siku hiyo nitakuwa na la kukusimulia.

Mdogo wako, aliyekataa kusaini.