Mtutu Mpya na Saumu Yangu

Jumamosi, 30 Septemba 2006
Nimesafisha mtutu tena. Kitambaa kinatoka cheupe, risasi bado zinakwenda zitakako. Moja juu, moja kulia, moja nje kabisa ya duara. Mtutu ni mpya, umetoka kiwandani ng'ambo na grisi yake, na Kocha Njoroge mwenyewe ndiye aliyeufunga kwenye bunduki yangu. Kwa hiyo kasoro ni mimi. Kocha anasema ni mwezi wa Ramadhani, njaa inanitetemesha mikono. Nimeitazama mikono. Haitetemeki. Au inatetemeka nisione?

Jumatano, 4 Oktoba
Nimetoroka ofisini Upper Hill kwa kusingizia daktari wa meno, nikaenda mazoezini. Saumu yenyewe sijui kama imebaki nzima baada ya uongo huo. Na faida sikuipata. Nimepiga vibaya kuliko Jumamosi.
Timu ya wanawake ya kilabu yetu ya shabaha, inayokwenda mashindanoni Kampala, imebakisha nafasi moja. Mimi au Wambui. Miaka yote hii nimeitaka safari kama hiyo. Wambui ana mtutu wake wa zamani na anapiga vizuri. Nampenda Wambui. Leo sikumpenda.

Jumamosi, 7 Oktoba
Daku la leo lilikuwa la watu wawili: uji, mayai, viazi, tende. Tumbo limejaa, matundu ya risasi kwenye karatasi yametawanyika vilevile.
Nyumbani Parklands, Mama anasema niache bunduki, nisiiache saumu. Kilabuni wanasema kinyume chake. Kila mtu ana kitu cha kuniachisha.

Jumatano, 11 Oktoba
Kocha kaniita pembeni. Kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.
"Rukia, Jumamosi ni mchujo. Si ukule tu kitu kidogo asubuhi. Mungu ataelewa."
Nikasema nitafikiria. Nimekasirika sana. Na kibaya zaidi, nimefikiria kweli.

Jumamosi, 14 Oktoba
Sikula. Wambui kachukua nafasi. Kocha akayapeleka majina papo hapo.
Hakuna aliyenilaumu. Mtu mmoja tu aliniwekea chupa ya maji kando ya mkeka wangu wa kupigia. Ni wema, najua. Nilitaka kuirusha ukutani.

Jumapili
Sina la kuandika. Nimelala mchana kutwa na usingizi haukuja.

Jumatano, 18 Oktoba
Kwetu kilabuni bunduki ya mtu haipigwi na mwingine. Kila moja imepimwa kwa bega na jicho la mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuijaribu yangu. Leo nimevunja mwiko. Sikuushuku mtutu. Nilikuwa na hasira tu, nataka nione shibe itamfaa Kocha nini. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chai na mandazi.
"Kocha, wewe umekula. Piga."
Akacheka, akalala mkekani, akapiga tano. Karatasi yake ikafanana na zangu. Akapiga tano nyingine. Safari hii hakucheka.
Akafungua bunduki, akasukuma kipande laini cha madini ya risasi ndani ya mtutu kwa ufito wa kusafishia. Kikaenda kwa shida. Katikati kikateleza bila kushikwa na chochote, kisha kikakaza tena. Akanipa nisukume mwenyewe. Nikasikia mkononi. Pale katikati kiwanda kimetoboa pana kuliko kwingine, risasi ikifika hapo inayumba.
Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikauliza kuhusu majina. Hayabadiliki. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 20 Oktoba
Wakala wa kiwanda hapa mjini amekubali kuubadilisha mtutu. Amesema hutokea. Hutokea! Nimepiga nao wiki zote hizo nikijichunguza pumzi, macho, imani.

Jumanne, 24 Oktoba
Idd. Kocha amekuja nyumbani, mara yake ya kwanza. Akavua viatu mlangoni, akakaa ukingoni mwa kochi. Mama akampakulia pilau. Alikula kidogo, akaweka kijiko.
"Rukia, kama ungekuwa unakula, siku ya kwanza tu ningeangalia mtutu."
Nilikuwa nimeshalijua hilo. Sikumwambia, "Si neno, yamepita." Nikamsogezea maji.
Mama akamwongezea nyama, naye akamaliza sahani. Jioni nikamsindikiza hadi getini, tukaongea kuhusu mvua.