Sahani ya Nthiwa Mkesha wa Krismasi

Mpendwa Shangazi Naila,

Hujambo, na watu wako wote huko Kitui? Natumaini goti lile ulilosema gazetini linakusumbua limepata nafuu. Sisi hapa Kikima ni wazima kwa neema ya Mungu. Naomba msaada wako, kwa maana nyumba yangu imeingia baridi kwa sababu ya sahani moja.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mzungu wa Poland, watu walimwita Yosevu, alifika Makindu akiwa kijana wakati wa Vita vya Pili, yeye na mama yake, wakimbizi wasio na kitu, akaingia jeshi la Waingereza kuendesha lori, akapelekwa Burma pamoja na vijana wetu wa Ukambani, akapangwa lori moja na Nthiwa wa hapa Mbooni. Siku moja babu alishikwa na malaria, Nthiwa akamwambia, "Lala, Yosevu, leo usukani ni wangu," na lori likakanyaga bomu. Vita vilipoisha babu alipanda milima hii kumpa pole mama yake Nthiwa, na yule mama alilia, kisha akapakua isyo, mahindi na maharagwe, kwenye sahani ya mwanawe, akamwambia, "Kula. Wewe umerudi." Babu hakuondoka tena, walimpa shamba, akaoa hapa, nasi hatujawahi kuitwa wageni, na kwa hilo namshukuru Mungu kila asubuhi.

Sasa kwao Poland, mkesha wa Krismasi, huwekwa sahani moja ya ziada, tupu, ya asiyekuwepo au ya mgeni atakayebisha. Babu aliiweka kwa ajili ya Nthiwa, baba akaiweka, nami naiweka. Mwaka jana Nzisa, mke wa mwanangu, aliyeolewa juzi tu, akasema, "Mama, umehesabu vibaya, sahani imezidi."

"Hiyo usiiguse, ni ya Nthiwa."

"Nthiwa ni nani?"

"Alikufa zamani."

Basi, nikaendelea kupakua nyama. Shangazi, Nzisa aliacha kula! Akaenda kusimulia, na kufika Januari kanisa zima linasema Mama Ndeti analisha aimu, ile mizimu ambayo wazee wa kale waliimwagia pombe, na mchungaji akaniambia, "Mama, chagua, sahani ama uongozi wa akina mama." Nzisa naye amesema Krismasi hii atakula kwao, na mjukuu wangu mchanga ataenda naye. Mimi nimeokoka, sijamwomba mfu hata siku moja, lakini nikiiondoa ile sahani naona kama namfukuza Nthiwa mezani, na bila yeye nisingezaliwa. Krismasi inakaribia. Tafadhali nijibu upesi.

Mama Ndeti, Kikima

Mama Ndeti,

Goti limepona, asante. Umenitoa machozi, na sasa ngoja nikugombeze.

Msichana anakuuliza sahani ni ya nani, unamwambia "alikufa zamani", halafu unampakulia nyama! Ulitaka afikirie nini? Hata mimi ningekimbia, na mimi ni Mwislamu, sina kiti katika kanisa lenu. Habari nzuri hivi umeniandikia mimi nisiyekujua, na Nzisa anayenyonyesha damu ya Yosevu hajaisikia. Usimlaumu yeye wala mchungaji.

Nenda kwake mwenyewe, usimtume mwanao. Mpakate mtoto, umweleze Nzisa yote, malaria na usukani na isyo. Kisha mwende pamoja kwa mchungaji, na Nzisa ndiye azungumze. Yeye aliyepeleka habari nusu, apeleke iliyokamilika.

Tena, dada yangu, umesema sahani ni ya mgeni pia. Miaka yote hii nani ameikalia? Hujaandika. Mama yake Nthiwa hakuiacha sahani ya mwanawe kabatini, aliipakulia mtu mwenye njaa, ndipo ukoo wenu ukapatikana. Watu wa Nthiwa si wapo hapo hapo Mbooni? Mtafute mmoja, awe mzee au mtoto, umketishe mbele ya sahani hiyo. Mwite na mchungaji aombee chakula. Mtu akitafuna hapo, nani atasema ni ya aimu?

Na atakayempakulia awe Nzisa.

Shangazi Naila