Mwanya wa Halima

Mpendwa Halima, mke mwenzangu,

Mjukuu wako Hodan amewekewa vyuma vya meno. Kila akitoka kwa daktari kubadilishiwa waya, huniletea ule wa zamani, kwa kuwa nilimwomba. Siku hizi sitoki kitandani, lakini ualimu wa kemia haujanitoka. Niliulaza waya uliotumika kando ya kipande kipya alichoniletea pia, nikavitazama kwa lenzi. Kipya ni laini, kinang'aa. Kilichokaa kinywani wiki chache kimefifia, kina utando na vishimo vidogo. Mate, chai na ndimu vimekila. Nguvu yake ya kuvuta imepungua.

Juzi Hodan, aniitaye ayeyo kama bibi yake wa damu, aliniuliza, "Ayeyo, daktari anataka kuweka waya mgumu zaidi, azibe mwanya wa mbele. Nimwambie sawa?"

Mwanya wako, Halima. Ameurithi vilevile.

"Azibe," nikasema. "Mwanya ni kasoro."

Unamkumbuka mzee wetu akirudi nyumbani Galbet kutoka soko la mifugo, vumbi hadi kwenye kope? "Halima, hebu cheka, nisahau soko." Kisha ananigeukia mimi: "Mwalimu, redio imesemaje?" Wewe uliombwa kicheko, mimi habari. Hukujua kwamba nilijifungia chumbani na kijiti cha mswaki, nikakisukuma kati ya meno ya mbele mpaka fizi zikatoka damu. Meno hayakusogea. Ulipoona mdomo umevimba, uliniletea maji ya moto yenye chumvi, ukanitania kama dada:

"Abaayo, unapiga mswaki au unachimba kisima?"

Nikasukutua huku nakuchukia.

Hodan alipotoka nilibaki na ule waya mkononi. Wiki chache tu za mate na chai zimebadilisha chuma. Mimi nilikula nawe sinia moja maisha yangu yote ya ndoa, ukaniuguza, nikakuosha ulipokufa, na wivu wangu ungali mpya. Niliogopa kwenda nao kaburini ukiwa hivyo. Nikamwita arudi.

"Nilikudanganya. Babu yako aliupenda mwanya huo kuliko ngamia wake."

"Wallahi? Kuliko ngamia?"

"Kuliko ngamia. Na kuliko mimi."

Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Basi ayeyo, nitamwambia anyooshe mengine, huu auache."

Daktari ameuacha. Sasa Hodan ananinywesha chai kwa kijiko, anacheka, nami nakuona wewe umeniinamia. Usidhani nimepona wivu. Kila anapofungua mdomo kitu kinanichoma, tena ni mimi niliyekuacha ubaki humo.

Nisamehe, Halima. Hivi karibuni nitakufuata, na nina ombi moja. Kama uko na mzee, usimsimulie haya. Niachie niyaseme mwenyewe, na siku hiyo ukae nyuma yake, ili anisikilize mpaka mwisho bila kukutazama.

Mke mwenzako,
Mwalimu