Spika ya Jikoni Msiizime

Nasr na Nouf,

Wali na samaki vimo kwenye friji, pasheni moto. Nguo zimo kwenye mashine, zianikeni. Nnampeleka Bibi hospitali. Watu wa gari la wagonjwa wanamshusha ngazi sasa hivi. Ami yenu Saeed anakuja kutoka mtaa wa Khuwair, mfungulieni mlango.

Nasr, jana ulimvisha Bibi saa yako kwa mzaha, ili ile orodha yako ya muziki wa trip hop kwenye spika ya jikoni ichague nyimbo kwa kufuata mapigo ya moyo wake. Asubuhi nilikuwa nakata vitunguu, spika inapiga huo muziki wako mzito, kama wa watu wanaotembea chini ya maji. Kila wimbo ukawa wa taratibu kuliko uliopita. Nikapiga kelele, "Nasr, zima balaa hilo!" Kumbe umeshakwenda skuli. Mwisho ukabaki mvumo na pigo moja moja la ngoma, kila pigo mbali na jengine.

Nikapanda juu mbio. Bibi alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, mkono baridi. Kidole chake kilikuwa kinagonga ukuta sawasawa na spika, na kule juu spika haisikiki. Akaniuliza, "We mwana, mbona ngoma inakwisha?"

~~Zimeni spika mkifika.~~ Msiizime. Nimejaribu mwenyewe, nikaona kama namzima yeye. Saa ina laini yake ya simu na bado anayo mkononi, kwa hivyo hata akiwa hospitali spika itaendelea kufuata moyo wake. Lakini wauguzi wanaweza kumvua saa, kwa hivyo muziki ukikatika, msilie mpaka nikupigieni simu.

Mama yenu