Aliyeolewa Kwanza

Jumatatu, 12 Mei
Majalada ya wagonjwa tangu asubuhi. Nasoma alichoandika daktari, nageuza magonjwa kuwa misimbo, naipanga. Ukikosea wa kwanza, bima hurudisha madai. Mkuu wa chumba chetu anastaafu. Kiti chake nakitaka. Mwanaisha naye anakitaka, na kila asemalo wanalichekea. Namwonea wivu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 14 Mei
Mwanaisha kapewa kuwafundisha waajiriwa wapya. "Ugonjwa mkubwa ndiye bi mkubwa, jamani! Apite mbele, wake wadogo wafuate." Chumba kizima kicheko. Mimi nimebishana na waandishi wenzangu magazetini miaka na miaka, makala kwa makala, na hapa hakuna aliyekariri hata sentensi yangu moja. Yeye mzaha mmoja tu, tayari umebandikwa ukutani. Upuuzi. Tena upuuzi mtamu, ndio unaoniudhi.

Alhamisi, 15 Mei
Jalada la mzee wa mashamba ya chumvi, Gongoni. Ana sukari. Sukari imemzalia kidonda mguuni, kibaya, mpaka mfupa waonekana. Mwanaisha katanguliza kidonda kwa ukubwa wake. Kosa. Ugonjwa uliozaa hutangulia uliozaliwa. Ningenyamaza, lirudi, aaibike, kiti kiwe changu.
Sikuweza. Si kwa wema. Kosa huniwasha kama upupu.
Nikasimama mbele ya wote: "Mwanangu, bi mkubwa hapimwi kimo. Bi mkubwa ni aliyeolewa kwanza!"
Mwanaisha akapiga makofi, yeye mwenyewe. "Wallahi umenena, Bi Rukia! Nani amjuaye bi mkubwa kama mke mdogo?"
Mimi ni mke wa pili. Wote wanajua. Wakacheka hadi machozi. Nilitamani kumng'ata.

Jumatatu, 26 Mei
Kiti kapewa Mwanaisha. Eti hodari wa kufundisha. Wakautaja na mfano wake: bi mkubwa ni aliyeolewa kwanza. Mfano wake! Maneno yangu, kinywa chake. Nimempa mkono wa pongezi. Nachukia ulivyokuwa na joto.

Ijumaa, 30 Mei
Mvua. Mmoja wa wale wapya kaniletea jalada: sukari, na figo zilizoharibiwa nayo. Akauliza ipi iliolewa kwanza. Nikamwonyesha. Akashukuru, akasema ndivyo alivyowafundisha Bi Mwanaisha.
Nikamwambia ndivyo.
Mume yuko Jilore kwa bi mkubwa. Zamu yake. Nimepika wali wa mtu mmoja.