Nyasi Zilizobaki Bondeni

Mama,

Sijui kama barua ya namna hii humfikia anayeandikiwa, au humrudia tu aliyeiandika. Hata hivyo naandika, nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha jiko lako, mahali ulipopenda kuchambulia njahi, yale maharagwe yako meusi. Mvua imefika hapa juu ya Ruiri. Udongo wa kaburi ulididimia kidogo, na ndugu yangu Mutwiri akauongeza kwa mikono yake bila kumwita mtu.

Shamba limebadilika. Ng'ombe wako waliuzwa, akabaki Kanini peke yake, naye hatoki bandani. Hukatiwa majani ya nepia na kuletewa. Malisho ya juu Mutwiri amemkodisha mkulima wa viazi. Trekta liliyageuza kwa asubuhi moja, malisho ambayo, kwa kadiri ninavyojua, hayakuwahi kuguswa na jembe. Udongo uliotoka ulikuwa mweusi na mzuri mno. Uzuri wake ndio ulionichoma. Siwezi kumlaumu mtu anayeutazama udongo wa namna ile akaona chakula.

Sehemu ya chini, kule bondeni maji yanakotuama, bado ina nyasi. Katika mgawo hiyo ndiyo iliyoniangukia. Wajomba waliguna kwamba msichana anapewa ardhi, na ni Mutwiri aliyewanyamazisha: "Kendi naye si alitoka tumbo hili hili?" Nakueleza hayo ili ujue alivyonitendea, kwa maana sasa mimi ndiye ninayemzuia.

Mkulima wa viazi anaitaka sehemu yangu. Anataka kuchimba bwawa hapo apate maji ya kiangazi, kisha alime pembeni mote. Asipoipata atahamia kwa jirani, na Mutwiri hana tegemeo jingine la karo ya watoto.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwafunga ng'ombe kule? Kila mmoja na kamba yake na kigingi chake, ukivihamisha kila asubuhi, na pembe moja ya bonde ukiiacha bila kuliwa mpaka nyasi zitoe mbegu. Kwa hiyo bonde lilikuwa na mabaka: hapa fupi, pale ndefu hadi kiunoni. Na mvua zikianza walikuja wale ndege weusi wenye mikia mirefu iliyopinda. Kila dume alikanyaga nyasi kwa duara, akaacha kishungi cha nyasi katikati, akaanza kuruka juu na kutua, juu na kutua. Wewe ulisimama na ndoo ya maziwa ukicheka mpaka unaiweka chini. "Tazama bwana harusi! Koti refu, kuruka kwingi, na nyumba atajenga nani? Mke!" Kisha ukanigeukia: "Kendi, ukiletewa wa hivi, mrudishe kwao."

Huko chuoni nilijifunza kulieleza jambo lile kwa lugha nyingine. Dume anahitaji mahali palipo wazi ili aonekane. Jike anahitaji nyasi ndefu za kusukia kiota. Na hao madume hawachezi mmoja mmoja, hukusanyika, majike wakaja kulinganisha. Nikahitimisha kwamba ni kamba zako zilizowaweka pale. Nililiamini hitimisho hilo kwa miaka. Leo sina hakika. Enzi zile majirani wote walikuwa na malisho; huenda bonde letu lilikuwa kipande tu cha nchi pana, na ndege walitumwagikia kutoka pande zote. Kama ni hivyo, basi kipande kilichobaki, kikizungukwa na matuta ya viazi na dawa za kunyunyizia, hakitoshi chochote. Hilo nalijua, Mama. Ningemsahihishia mwanafunzi wangu kwa wino mwekundu kama angeandika kinyume chake.

Nilijaribu kuwaeleza. Mutwiri alicheka: "Dada, ulisomea ndege miaka yote ile ili uje uwarithishe shamba?" Mkewe, Karimi, hakucheka. "Wifi, si wana mabawa? Waende Timau." Sikumwambia kwamba kote nilikopita huko nimekuta mashamba ya ngano, si nyasi. Lilikuwa swali la haki, kutoka kwa mama mwenye watoto wanaohitaji shule, na jibu langu lingekuwa tu namna ya kushinda.

Juzi nilishuka bondeni asubuhi. Nyasi zimekuwa nzito na kulaliana, kwa kuwa hakuna anayezila. Nilimkuta dume mmoja. Alikuwa ametengeneza duara lake, akaruka. Akatua. Akaruka. Nilikaa hadi jua likawa kali. Hakuja dume mwingine, wala jike hata mmoja. Nilijaribu kuyasema yale maneno yako ya bwana harusi, kwa sauti, ili nicheke. Sikuweza kuyamaliza.

Jana nilimwambia Mutwiri kwamba silikodishi bonde. Nikamwomba anipe Kanini alishwe kule mchana, maziwa yabaki yao. Akasema, "Sawa." Hakusema sawa kwa lipi. Alivaa gambuti akatoka, na leo chai haikuletwa huku nilipo. Ningekuwa na wewe ningekuuliza: je, nawalinda ndege, au nalinda tu mahali uliposimama ukicheka? Nimejiuliza mara nyingi, na kila mara jibu limekuwa lile la pili, ambalo halinipendezi. Huenda ungeniambia nimpe ndugu yangu. Ulikuwa hivyo, ulicheka na ndege, lakini watoto walikula kwanza.

Mama, ndege siwezi kukuahidi. Hao hawako mkononi mwangu. Nakuahidi kwamba bonde halitalimwa maadamu ninaishi. Na kwamba sitamwita Mutwiri adui wa ndege mahali popote, hata miongoni mwa wasomi wenzangu, ambako neno hilo husemwa kwa wepesi na wote wakatikisa vichwa. Karo ya wanawe nitaichangia kwa ninachopata, bila kusubiri aniombe, najua hataomba. Na mwakani mvua zikianza nitashuka kutazama, hata kama hakutakuwa na cha kutazama.

Sasa nakwenda kubisha mlango wa Karimi. Pumzika, Mama.

Mwanao,
Kendi